Kiraka cha Ribiti Kumi na Moja

Nimeisikia tena ile hadithi, safari hii matangani, kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi hata kumwona mhusika mwenyewe. Kwamba hapa Élisabethville palikuwa na mzee mmoja wa boila aliyetoa machozi ya furaha wazungu walipomwonyesha treni ya kuchezea. Watu walicheka. Mmoja akasimama akamwiga, akipiga makofi na kujifuta macho kwa kiganja. Niliondoka bila kumuaga mwenye msiba. Hadithi hiyo ni uongo, na nitaeleza ulikotoka, ingawa kueleza kwenyewe hakunipi sifa yoyote.

Sisi tulimwita Ba Fundi. Kwetu Katanga "ba" huwekwa mbele ya jina la mtu unayemheshimu, hata kama yuko peke yake. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sitaliandika, kwa kuwa limekwisha kuchezewa vya kutosha. Alikotoka na watu wa kwao hakupenda kuvizungumza, na mimi sikumchimba. Nilichokijua ni kile nilichokiona kwa miaka tisa kupitia dirisha la ofisi. Mimi nilikuwa karani wa kampuni moja iliyokuwa na reli yake fupi ya kubebea mawe ya shaba kwenda kwenye tanuru. Yeye alikuwa mtu wa boila, yale matangi ya kuchemshia mvuke, katika karakana iliyokuwa ng'ambo ya uwanja, hatua arobaini kutoka mezani kwangu.

Alikuwa mtu wa hasira, na sitaki kumpamba. Alikasirishwa na jua, na kelele za gramafoni kambini, na watu waliosema "kesho" bila kutaja saa. Zaidi ya yote alikasirishwa na kazi mbovu. Msimamizi akipitisha bomba lililozibwa kwa haraka, Ba Fundi alilikagua kwa kidole, kisha akasema kwa sauti ya kusikika karakana nzima, "Hii haikutengenezwa. Ilifichwa." Neno hilo alilitumia kwa bomba, kwa paa za nyumba za kambi, na mara moja kwa hotuba ya mkubwa mmoja aliyetoka Ubelgiji kutuambia jinsi tunavyopendwa.

Mke wangu aliwahi kumpelekea sufuria yenye tundu ambayo mtu mwingine alikuwa ameilehemu vibaya. Aliipokea, akatoa kisu, akabandua risasi yote ya kulehemia mbele yake, tundu likawa kubwa kuliko mwanzo. Kisha akamshikisha sufuria kwa dakika nzima ili aone vizuri alichokuwa amefanyiwa, akaichukua tena. Mke wangu alirudi nyumbani analia. Siku ya tatu asubuhi tuliikuta sufuria mlangoni, imezibwa hivi kwamba ukipitisha mkono huhisi kitu chochote. Mke wangu alipokwenda kushukuru, hakupewa nafasi. Aliambiwa kwamba anapika maharage kwa maji machache, ndiyo sababu sufuria zake zinaungua, na kwamba asirudi tena na upuuzi ule.

Kanisani alisimama mlangoni miaka yote, kwa sababu mabenchi ya nyuma, yale ya wafanyakazi, yalikuwa na misumari iliyochomoza. Alilalamika kwa katekista, hakusikilizwa. Jumapili moja alikuja na nyundo ndani ya koti, na katikati ya mahubiri akaenda benchi moja baada ya jingine akigonga. Padri alinyamaza akamngoja amalize. Tangu siku hiyo tulikaa bila kuchana suruali, lakini yeye aliendelea kusimama mlangoni. Nilipomuuliza sababu, alisema hakugonga misumari ili yeye akae.

Mtu huyo huyo, ambaye hakuna aliyemsikia akisifu chochote, alikuwa na mapenzi na injini moja. Ilikuwa ndogo, nyeusi, yenye matangi ya maji ubavuni, ile iliyosukuma mabehewa ndani ya eneo la kampuni. Aliitukana kila asubuhi kwa lugha tatu. Lakini ikipiga kona kule mbali, kabla hatujaiona, alikuwa amekwisha kuinua kichwa, na angesema ni bomba gani linavuja na upande gani. Alikuwa akipatia. Mashinisti, mzungu aliyeiendesha, alikuja kumwuliza yeye kabla ya kumwuliza mhandisi, kwa siri, akijifanya anaomba moto wa sigara.

Kifaransa alikielewa. Hilo nililijua mwishoni kabisa, na lingenifaa kulijua mapema. Miaka yote tisa, mzungu akimfokea, alinigeukia mimi au yeyote aliyekuwa karibu na kuuliza kwa upole, "Anasema nini?" Kisha alingoja tafsiri, akajibu kwa Kiswahili, akangoja tena tafsiri irudi. Tuliamini kwamba ni mzee asiyesikia. Kumbe alikisikia neno kwa neno, ila alikuwa amejifunza lugha hiyo katika matusi, na hakutaka kuitia mdomoni.

Alikuwa na dada mmoja, mdogo wake, aliyeuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, kule Cité, mtaa wa weusi. Mume wa dada huyo alifanya kazi ya kuunganisha mabehewa. Msimu mmoja wa mvua, reli zikiwa na utelezi, behewa lililojaa mawe lilishuka lenyewe na kumbana baina yake na ile injini. Alikufa pale pale. Ukingo wa behewa ulipasua tangi la maji la kushoto. Msimamizi alitaka injini irudi kazini upesi kwa sababu mawe yalikuwa yakirundikana, kwa hiyo Ba Fundi aliamriwa kuliziba tangi siku ile ile ya maziko. Hakuruhusiwa kwenda. Alikata bamba la chuma, akatoboa matundu, akaanza kupiga ribiti, vile vipini vya kuunganishia mabamba. Zilipaswa kuwa kumi na mbili. Alipofika ya kumi na moja, waombolezaji walipita nyuma ya ukuta wa karakana wakiimba, wanaelekea makaburini. Nilikuwa dirishani. Nilimwona akiweka nyundo chini na kusimama, mikono imening'inia, hadi sauti zilipopotea. Ya mwisho hakuipiga. Tundu lake aliliziba kwa upande wa ndani, na kwa nje pakabaki pengo. Tangi halikuvuja, basi hakuna mkubwa aliyejali.

Mhandisi wetu, tuliyemwita Injenia, alifika miaka miwili baada ya hapo. Kijana, mwenye adabu, mwenye kupenda treni kama wengine wapendavyo mbwa. Kiangazi kimoja alimwomba Ba Fundi waipime ile injini yote, kutoka kizuizi cha mbele hadi cha nyuma. Alisema ni kwa ajili ya kuagizia vipuri Ulaya. Kila Jumamosi mchana, wengine wakiwa wamekwenda nyumbani, Ba Fundi alitambaa chini ya chuma kile na kipimo chake, akachora sehemu kwa chaki sakafuni kwa ukubwa wake halisi, akataja namba. Mimi niliziandika. Injenia alishika karatasi ya kuchorea na kusema "vizuri, vizuri". Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sikujua. Nilikuwepo, kalamu mkononi, kiangazi kizima.

Vipuri havikuja. Kilichokuja, baada ya muda mrefu, ni sanduku la mbao kutoka kwa watengenezaji wa treni ndogo huko Ulaya.

Wazungu kadhaa wa mji walikuwa na chama chao cha treni ndogo. Walikutana Jumapili baada ya misa, katika ukumbi nyuma ya nyumba ya mfamasia mmoja, upande wa uwanja wa golfu. Injenia alinichukua siku sanduku lilipofunguliwa niende na mashine ya chapa, kwa sababu wanachama walitaka maoni yao juu ya injini mpya yaandikwe na kupelekwa kwa waliotengeneza. Mezani palikuwa na reli ya mviringo, na juu ya reli, ikilingana na mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, ilikaa ile injini yetu. Ilikuwa yenyewe, na bomba lake jembamba la moshi, na ngazi yake iliyopinda kidogo.

Waliizunguka kama watu wanaonunua ng'ombe. Mfamasia alisema weusi wa rangi umezidi kung'aa, injini ya kazi haing'ai hivyo. Jaji mmoja mstaafu alisifu magurudumu, akisema hajaona mengine yaliyochongwa kwa usafi ule, lakini filimbi akaiona ni dhaifu. Mfanyabiashara mmoja aliibeba akasema uzito ni mzuri, itavuta mabehewa sita bila shida. Mke wa mfamasia alisema inanuka spiriti. Yote niliyachapa.

Kisha jaji akachukua kioo cha kukuza, akafika ubavu wa kushoto. Aliuliza lile bamba dogo ni la nini, na kwa nini lina ribiti kumi na moja na pengo. Alifikiri ni kosa la kiwanda, na akataka tulalamike kwa barua. Injenia alitabasamu. Alieleza kwamba si kosa hata kidogo. Ni bamba la ukaguzi, alisema, lililobuniwa kwa nchi za joto, na ile nafasi imeachwa makusudi ili chuma kipate pa kutanukia juani. Wakampigia makofi. Kwenye kijitabu kilichokuja na sanduku liliandikwa jina lake, kwamba vipimo vyote vilichukuliwa na yeye mwenyewe katika mazingira magumu ya Afrika. Na hilo pia nililichapa, kwa vidole hivi hivi vilivyoandika zile namba.

Walipoiwasha, haikwenda. Mvuke ulivuja kwenye kiungo na mkandamizo haukupanda. Walijaribu saa nzima, wakachafua mashati. Mwishowe Injenia akachukua gari akaenda kambini, akarudi na Ba Fundi, amevaa koti lake la kanisani.

Nilimtazama anapoingia. Aliiona injini, akasimama. Kisha akaenda moja kwa moja upande wa kushoto, akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Wao walidhani anatafuta tatizo. Alipoinuka aliomba uzi wa pamba na mafuta mazito. Alikifungua kiungo, akakizungushia uzi, akakaza. Kazi ya dakika kumi. Moto ukawaka, mkandamizo ukapanda, na injini ikaanza kuzunguka meza, inapumua kama ile kubwa. Walifurahi kama watoto. Mfamasia, kwa ukarimu wa mtu aliyeshiba, akasema nimwulize na mzee anaionaje, maoni yake nayo yaandikwe.

Nilimwuliza. Ba Fundi hakunitazama mimi, alimtazama Injenia.

"Umuambie huyu bwana," alisema, "hii kiraka haiko ya kupamba. Miye njo niliiweka. Pale njo muntu alikufaka, bwana ya dada yangu. Ribiti moja inakosa juu nilisikia banamupeleka kwenye makaburi, na mikono yangu ilikataa. Na hii mashini yote nilipima miye. Yeye alisema ni ya kuomba vipande Bulaya. Basi aseme sasa, mbele ya benzake."

Sauti yake haikupanda, lakini macho yake yalijaa maji. Yalikuwa machozi ya hasira. Mtu yeyote aliyewahi kukasirika kweli angeyatambua.

Ukumbi wote uligeuka kwangu. Juu ya meza ya Injenia, ofisini, yalikuwepo maombi yangu ya ile karatasi ambayo serikali iliwapa weusi walioonekana wamestaarabika. Yalingoja saini yake tu. Mke wangu alikuwa mjamzito. Hizo ndizo sababu, na nimeziweka hapa wazi ili yeyote azipime. Nilifungua mdomo nikasema kwa Kifaransa kizuri kwamba mzee anaiona ni kitu kizuri sana, na kwamba amefurahi mno kuona mashini yetu imefika hadi Ulaya.

Wakapiga makofi tena. Mke wa mfamasia akasema, tazameni, analia maskini. Injenia, ambaye alikuwa ameanza kuwa mwekundu shingoni, alishusha pumzi na kumpa Ba Fundi sigara. Ba Fundi aliishika bila kuiwasha. Alinigeukia na kunitazama, akasubiri. Alisubiri muda ambao mtu angeweza kusema sentensi tatu. Halafu aliiweka sigara mezani, akatoka, akarudi kambini kwa miguu.

Ingeishia hapo ningekuwa mwoga tu. Lakini Injenia aliyapenda sana maneno yale hata akataka yatokee katika gazeti moja la mjini lililokuwa na ukurasa wa Kiswahili kwa ajili yetu. Kutafsiri akanipa mimi. Niliandika kwamba fundi mzee wa boila, wa kampuni fulani, aliisifu injini ndogo mbele ya mabwana. Sentensi ilionekana fupi, haina utamu. Nikaongeza "kwa machozi ya furaha". Hakuna aliyeniambia niongeze.

Gazeti lilifika Cité. Baada ya misa katekista aliwasomea akina mama kwa sauti, na mmoja wao alikuwa dada yake Ba Fundi. Siku ile ile alikwenda kambini na gazeti limekunjwa kwenye kitenge. Majirani wote walisikia. Alimwuliza kaka yake kama kweli aliipigia makofi mashini iliyomuua mumewe. Ba Fundi alimwambia alichokisema ukumbini, neno kwa neno. Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafunua gazeti. Alisema yeye hajui kusoma, lakini katekista anajua, na katekista alisoma mara mbili. Akasema, "Karatasi itanidanganya juu ya nini, yaya, kaka yangu? Karatasi hainijui." Aliondoka. Hakurudi kula kwake, wala hakumpokea tena mlangoni.

Wiki ile Ba Fundi alikuja dirishani kwangu. Nilikuwa nimejiandalia maelezo matatu. Alisema anataka buku yake ya kazi, anaacha. Nilimkumbusha kwamba akiacha kazi anaacha na nyumba. Akauliza kama muhuri umekwisha kupigwa. Nikapiga muhuri, akachukua, akaenda. Kambini walisema kiburi kimempata uzeeni. Injenia alisikitika, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuisikia ile injini ikiwa mbali.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, na ni miaka imepita katikati. Dada yake alikufa wakati wa baridi, kwa kifua. Watu walikuwa wakiulizana nani atampelekea habari kaka yake, aliyesemekana yuko Mokambo, mpakani. Nilisema nitakwenda mimi. Walinisifu kwa moyo mwema.

Nilisafiri kwa lori. Nilimkuta karibu na soko, chini ya mabati manne, anakata mapipa na kutengeneza mbabula, majiko ya makaa. Alikuwa amekonda, nywele zote nyeupe. Jirani yake, mwanamke wa maboga, alikuwa akigombezwa kwa kuegemeza kikapu kwenye kazi isiyopoa. Ba Fundi aliponitambua alinionyesha pa kukaa. Niliketi juu ya pipa, nikamwambia habari kama inavyopasa, taratibu, kuanzia ugonjwa.

Aliweka mkasi wa bati chini. Akaniletea maji ya kunywa, kwa sababu nilikuwa nimeleta habari ya kifo, na aliniangalia mpaka nikamaliza kikombe. Aliuliza alizikwa wapi, na nani aliimba. Nilimjibu. Kisha nikaanza yale niliyoyabeba kutoka mjini. Nilimwambia kwamba siku ile niliogopa, na kwamba niliogopa pia kwa ajili yake, wangeweza kumfunga, na kwamba hakujua nilichosema kwa Kifaransa.

"Nilisikia," alisema. "Kifaransa yao ninasikia tangu mbele uzaliwe. Nilikungojea. Nilijiambia, labda Karani anatafuta neno."

Aliuliza kama dada yake alikufa akiamini yale ya gazeti. Nilisema ndiyo, kwa kadiri ninavyojua.

"Weye unaikala wapi siku hizi?"

Nikamwambia kwamba nilipata ile karatasi, na kampuni ikanipa nyumba kule Cité. Aliuliza barabara gani. Nilipoitaja niliona mikono yake ikitulia juu ya magoti, kwa kuwa ndiyo barabara aliyokaa dada yake.

"Kutoka kwako kufika kwake," alisema, "nyumba ngapi?"

"Nne, Ba Fundi."

Alichukua mkasi wake, akageukia pipa, akaendelea kukata. Hadi lori la kurudi zilibaki saa tatu. Nilikaa pale pale juani, kwa sababu hakuniambia niondoke, wala hakuniambia nisogee kivulini.